Nilivyokuwa Ulimi wa Bi Rukia

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu sufuria nzima ya sosi, na niliiharibu nikiwa na shahada ya kemia. Ilikuwa jikoni mwa hoteli moja ya Malindi. Mpishi Mkuu alikitazama cheti changu, akavitazama viatu vyangu, akasema, "Msomi, nenda kwa Bi Rukia. Akikufukuza, usirudi kwangu." Bi Rukia ndiye aliyekuwa msimamizi wa sosi, mama wa mjini aliyezaliwa na kukulia Malindi, ambaye hata Mpishi Mkuu alimwamkia kabla ya kumwomba kitu. Alinikabidhi ukwaju uliokwisha kurowekwa, akaniambia niuchemshe, nitie sukari guru, kisha niuache upoe. Nikauchemsha kwenye sufuria ya alumini, nikauacha humo humo mpaka kesho yake. Asubuhi sufuria iling'aa kama mpya pale sosi ilipofika, na sosi yenyewe ilikuwa na ladha ya sarafu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Chuoni ulisomea nini vile?"

"Kemia, Bi."

"Na kwenye asidi hamkufika?"

Jiko zima lilicheka. Niliwaza jambo hilo wiki tatu, usiku na mchana, kama ninavyowaza kila jambo: je, walicheka kwa sababu ni mzaha, au kwa sababu walishaona kwamba sifai? Bi Rukia hakuwaza. Aliimwaga ile sosi, akaniletea chungu, akasema, "Vitu vichachu hupikiwa chunguni, au kwenye sufuria ya enameli isiyobanduka. Sasa anza upya."

Nimeacha kazi hiyo. Naandika haya nikiwa na miaka ishirini na tisa, umri ambao watu hawaandiki kumbukumbu za kazi. Lakini vijana wanaohitimu sasa huniuliza kazi ya sosi ilikuwaje, na sitaki waipate habari hii kutoka kwenye kibandiko cha chupa. Kile kibandiko ni cha uongo. Nakijua, kwa sababu uongo wake ulipitia kinywani mwangu.

Kwanza kazi yenyewe. Sosi tamu-chachu ya pwani yetu huanzia kwenye ukwaju. Ukwaju wa msimu huu una rangi ya kahawia nyepesi, ukiubonyeza unakubali. Uliokaa miaka huwa mweusi na mgumu. Huo hutoa rangi nzuri na uchachu mchovu. Mama yangu huuokota kwetu Jilore na kuubandua maganda kwa mikono, na ndiye aliyekuwa akituletea. Hurowekwa kwa maji ya moto, hukamuliwa kwa vidole mpaka kokwa zibaki tupu, kisha huchujwa. Uzito wa sosi hutoka kwenye nyama hiyo ya ukwaju na kwenye guru. Ukiona sosi imesimama kama uji wa mgonjwa, mpishi wake ametia wanga ili kuficha kitu. Vitunguu saumu na tangawizi husagwa pamoja, pilipili hutiwa nzima ili uitoe ukitosheka, bizari nyembamba hukaangwa kavu. Chumvi hutiwa mara mbili: kidogo mwanzoni, kidogo tena baada ya guru kuyeyuka. Utamu hufuata uchachu, hautangulii, kwa kuwa ulimi ukishalewa sukari hauoni tena kitu.

Na sosi haionjwi kwa kijiko. Hapo ndipo wasomi tunapopotea. Kwa mwezi wa kwanza nilionja kwa kijiko, nikaona kali, nikaongeza guru, nikaonja tena, nikaongeza, mpaka Bi Rukia akauliza kama napika jamu ya mkate. "Nani anakunywa sosi?" alisema. "Chovya kiazi. Chovya samaki. Sosi ikiwa tamu kijikoni, kwenye kiazi itakuwa maji." Tangu hapo nilionja kwa kipande cha kiazi karai, kile kinachovikwa unga na kukaangwa, na kwa kweli nilikuwa na ulimi mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu. Ni kitu pekee maishani nilichokifanya bila kukiwaza mara mbili.

Bi Rukia alikitambua kabla yangu. Ramadhani ya kwanza alinivuta kando ya jiko. "Masheikh wanasema mpishi aliyefunga aweza kuonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Haya. Lakini ukwaju, wallahi, ukiusikia tu mate yajaa. Nitatema kipi nibaki na kipi? Wewe ni Mkristo wa Jilore, Mungu amekuleta. Kuanzia leo wewe ndiwe ulimi wangu."

Basi Ramadhani zote nilikuwa mwonjaji. Yeye alipika kwa jicho na pua. Aliinua mwiko na kuitazama sosi inavyodondoka: ikidondoka kama maji, bado, ikining'inia kidogo kisha ikakatika, imekaribia. Halafu alinipa kiazi kilichochovywa, akanikazia macho. Nilisema "Imekolea" au "Bado," naye hakuuliza swali la pili. Watu walifuturu kwa neno langu. Sijawahi kuaminiwa hivyo na mtu yeyote, wala chuo, wala benki, wala mchumba.

Hoteli ilipopunguza wafanyakazi, alikuja mtu tuliyemwita Meneja. Alikuwa na kiwanda kidogo Kibarani, Kilifi, chumba cha mapipa na chumba cha chupa, na alitaka kuuza sosi ya Bi Rukia chupani, kwa jina la Bi mwenyewe. Bi Rukia alihamia kwa binti yake huko Kilifi, akanichukua mimi pia. Alitia sahihi karatasi ambayo hakusomewa yote. Sharti lake moja alilisema kwa mdomo mbele ya watu: hakuna chupa itakayotoka kabla hajasema imekolea. Meneja alicheka, akasema, "Bi, wewe ndiwe mama mwenye nyumba."

Miaka miwili mambo yalikwenda. Kisha Meneja akanunua pipa kubwa la kuchanganyia, akaliweka chumba cha pili, akamwambia Bi Rukia apumzishe magoti; ataletewa bakuli la kuonja mezani. Wiki moja kabla ya Ramadhani aliniita ofisini.

"Sidi, wewe si mwenzangu kabisa? Msomi kwa msomi. Niambie, asidi si asidi?"

Nilisema inategemea.

"Inategemea nini? Chumvi ya ndimu ni asidi, ukwaju ni asidi. Ukwaju una kokwa, una mchanga, una mama yako anayechelewa. Chumvi ya ndimu inakuja kwenye mfuko, nyeupe, safi. Tutaacha ukwaju kidogo kwa harufu. Rangi ipo. Wanga upo. Nani atajua?"

"Bi Rukia atajua."

"Bi Rukia atakuwa amefunga," alisema, akatabasamu. "Mpaka Idi, anayejua ni wewe. Na mkataba wako wa kudumu uko hapa mezani, naupangusa vumbi tu."

Nenda ukasome tena sentensi hiyo. Yule bwana aliichukua saumu ya mwanamke mzee, akaifanya mlango wa nyuma. Nikiikumbuka huwaka hasira hata sasa.

Lakini siku ile nilikuwa na woga, na woga wangu ni wa kisomi: huleta hoja. Niliwaza usiku kucha. Kwa kipimo cha maabara, uchachu ni ule ule. Hakuna atakayeugua. Vyakula vingapi vina chumvi ya ndimu? Na neno "imekolea" lina kipimo gani hasa? Nikikataa atamtafuta mwonjaji mwingine, asiyempenda Bi Rukia kama nimpendavyo. Kwa hiyo kukubali ni namna ya kumlinda. Nilifika hapo, kweli. Akili iliyofunzwa inaweza kukufikisha popote ikiwa umeshaamua kutokwenda unakopaswa.

Ramadhani ilianza, bakuli likaletwa. Bi Rukia aliinua mwiko. "Rangi yake siipendi. Yang'aa mno, kama kiatu cha harusi." Akanusa. "Ukwaju umo, lakini wazungumzia mbali." Akachovya kiazi, akanipa. "Haya, ulimi."

Chumvi ya ndimu hupiga kofi ncha ya ulimi, ikakimbia. Ukwaju huja polepole kutoka nyuma ya taya na kukaa. Kile kiazi kilinipiga kofi, kikakimbia. Sikuwa na shaka hata chembe. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Imekolea, Bi," nilisema.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Rukia. "Tia chupani."

Siku ya Idi alinialika nyumbani kwake Malindi, alikorudi kwa sikukuu. Nilikuta sinia la pilau limeshateremshwa, na mkataba wangu mpya ulikuwa mkobani. Jirani yake aliingia kutoa mkono wa Idi, mwanamke mwenye mdomo wa mzaha, akasema, "Bi Rukia, Ramadhani hii ulitukasirikia nini? Sosi yako ilitutoa ukoga wa meno kwa ukali. Wajukuu wangu waliiita dawa ya mswaki!"

Watu walicheka, na Bi Rukia naye alicheka kidogo, kwa adabu. Kisha aliinuka, akafungua chupa iliyokuwa kabatini, akamega kiazi, akachovya, akaonja. Alitafuna muda mrefu. Akanigeukia mimi.

"Uliniambia nini siku ile?"

"Nilisema imekolea, Bi."

"Ulikuwa na homa? Ulimi uliungua chai?"

"La, Bi."

"Mh," alisema. Akachukua sahani yangu, akaniongezea pilau, akaniwekea na mnofu mkubwa, akaondoka chumbani. Angenitukana ningepumua.

Alimwambia Meneja alitoe jina lake kwenye chupa. Meneja alimfungulia karatasi yenye sahihi yake. Jina lipo hadi leo, na chini yake maneno "Ladha ya Nyumbani". Nyumbani kwa nani? Mimi nilikaa na mkataba wangu wa kudumu miezi minne, nikionja pipa baada ya pipa, kisha siku moja sikuweza kukimeza kile kiazi. Niliaga. Meneja aliniambia wasomi hatuna uvumilivu.

Kwa hiyo, wewe unayesimama dukani, geuza chupa. Vitu huandikwa kuanzia kilicho kingi. Yakitangulia maji, sukari na wanga, na ukwaju ukaja mwisho karibu na rangi, hiyo si sosi ya ukwaju, ni maji yaliyopewa jina la mtu. Rudi nyumbani uroweke wako. Unahitaji chungu, chujio na alasiri moja. Na wewe kijana unayeanza kazi, jihadhari na bosi anayekuita mwenzake. Nimeyapanga masomo haya kichwani mara nyingi nikiwa chumbani kwangu mtaani Kisumu Ndogo, nikayapa namba, nikayafuta. Mengi yalikuwa njia ya kuzunguka moja: niliulizwa na mtu aliyeniamini, nikajua jibu, nikasema lingine. Hasira yangu kwa Meneja ni ya haki, lakini kiazi hakikuwa kinywani mwake.

Ramadhani iliyopita nilibeba mfuko wa ukwaju wa mama kutoka Jilore, nikaenda kwa Bi Rukia. Ilikuwa imebaki kama saa moja watu wafuturu. Alipokea shikamoo yangu, akapokea mfuko, akaubonyeza, akasema, "Wa msimu huu." Akanionyesha kigoda. Chungu kilikuwa jikoni, sosi ya kuwapelekea majirani. Nilikaa nikamtazama: ukwaju, guru, tangawizi. Aliinua mwiko, sosi ikaning'inia, ikakatika. Kwenye sahani kulikuwa na viazi karai, vya moto. Mkono wangu ulianza kunyooka wenyewe, kwa mazoea.

Bi Rukia aliifunika sahani kwa kawa.

"Tutasubiri adhana," alisema.

Tukasubiri. Niliwaza kuondoka, nikawaza itaonekanaje nikiondoka, nikawaza kama kukaa ni ukaidi. Na wakati nikiwaza hayo yote nilikuwa nimeshaona jambo moja, na hakuna aliyekuwa ameniuliza.

"Bi," nilisema, "chumvi umetia mara moja."

 Aliendelea kupangusa kingo za chungu. Adhana ilipotoka alisoma dua yake, akala tende, akanywa maji kwa utaratibu, kana kwamba simo. Kisha akafunua sahani, akachovya kiazi, akaonja mwenyewe, macho ameyafumba.

Alipoyafumbua hakunitazama. Alinyoosha mkono akachukua kopo la chumvi.