Wanawake wa Kando ya Ziwa

Mpaka leo mtu akinitajia Ziwa Nyasa napandwa na hasira. Sijawahi hata kuliona, lakini ndilo lililoninyima shule.

Nilikuwa darasa la nne Kitangari, enzi za Mwingereza. Mwaka ule wasichana wawili tu wa shule yetu wangechukuliwa kwenda kusoma bweni, Masasi. Asiyechaguliwa alirudi nyumbani kulima na kungoja posa. Mimi posa sikuitaka. Nilitaka kuwa mwalimu, na nilimwambia kila mtu, hata wasioniuliza.

Mwalimu wetu wa jiografia, mtu wa Masasi aliyelelewa misheni, aliwahi kukaa Nyasa, na akianza kulisimulia hanyamazi. Alichora ubaoni viboko, mamba, fisi maji, na ndege mweusi anayezamia samaki kisha anaanika mabawa juani. Alisema wako samaki wanaolea watoto wao mdomoni. Darasa zima likaguna. Akasema viko vijidudu vinavyopaa juu ya maji kama moshi, na watu huvikamata, wakavikanda mikate wakala. "Mwalimu, jamani!" tukapiga kelele. Akaapa.

Mimi hayo niliyapata nusunusu. Kipindi chake kilikuwa cha kwanza asubuhi, na asubuhi mimi na mama tulikuwa bondeni. Kwetu juu mlimani hapakuwa na mto wala chemchemi. Unashuka kisimani alfajiri, unapanga mtungi wako kwenye foleni, unachota kwa kata mpaka kisima kinabaki tope, halafu aliye nyuma yako anakaa chini kungoja maji yatoke tena. Ukichelewa, shauri yako. Nilifika darasani jasho linanitoka, ziwa limeshafutwa nusu ubaoni. Nikaazima madaftari ya wenzangu, nikakariri samaki, nikakariri ndege, nikakariri mpaka vile vijidudu.

Siku ya mahojiano alikuja mama mmoja, mwalimu wa shule ile ya Masasi. Mwalimu wetu alikaa pembeni yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Haya, nitajie viumbe wa Ziwa Nyasa."

Nikawamwaga wote, na wale wa kulea mdomoni nikawaeleza. Akatabasamu, akaandika. Moyoni nikajiona nimeshatandika kitanda bwenini.

"Vizuri sana. Na wanawake wanaokaa kando ya ziwa, asubuhi wanafanya nini?"

Ala, hilo nalo la kuuliza? Jepesi kuliko yote!

"Wanawahi foleni, mama, maji yasije yakaisha."

Kalamu ikasimama. "Yakaisha? Maji ya ziwa?"

"Ndiyo, mama. Anayechelewa anakuta tope. Anakaa kungoja yajae."

Akamgeukia mwalimu wangu, mwalimu akainamisha kichwa. Yule mama akacheka, wala si kwa ubaya, akasema kwa upole kwamba mtoto huyu anakariri tu, haelewi. Akaita mwingine.

Haelewi! Viboko tulielezwa, ndege tukaelezwa mpaka anavyojikausha. Siku zote zile hakuna aliyekumbuka kutuambia kwamba ziwa haliishi kwa kuchotwa; mimi nilikuja kujua ukubwani. Walidhani kila mtu anazaliwa anajua? Nani angenifundisha, kisima cha bondeni?

Wakachaguliwa wengine wawili. Nilirudi nyumbani nalia, napiga teke kila jiwe njiani. Mama alikuwa anatwanga mihogo. Akataka kujua nimeulizwa nini, nikamweleza neno kwa neno, lile swali na jibu langu na kicheko cha yule mama. Akasimamisha mchi, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikaona anashangaa kweli.

"Sasa mwanangu, si umejibu sawa? Wao walitaka useme nini?"

Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.