Mkono Bila Glavu

Kazi yangu ya kwanza ya uuguzi ilikuwa katika kliniki ndogo huko Noonkopir, mtaa wa Kitengela, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na kwa miezi yote niliyokaa pale nilikuwa na swali moja tu: niache au nisiache? Asubuhi nikipanda ngazi nilikuwa nimeamua kuacha. Jioni mama akinipigia simu kutoka nyumbani, kule magharibi, nilikuwa nimeamua kubaki, maana alikuwa ameshawatangazia akina mama wa kanisa kwamba binti yake sasa ni sista wa kliniki Kitengela. Ningewarudia na nini?

Kliniki haikuwa chafu, na mmiliki wake hakuwa mkali. Shida ilikuwa kanuni yake: hakuna mgonjwa kutoka bila kuwekewa maji ya mshipa. Kichwa kikiuma, maji. Mafua, maji. Hata aliyechoshwa tu na kazi ya mjengo ilibidi alale, atobolewe mshipa, atazame matone yakidondoka kwenye chupa. "Watu wanataka kuona wametibiwa," aliniambia, kisha akaenda zake kwenye kliniki yake nyingine na kuniacha peke yangu hadi jioni. Na kweli walitaka. Waliteremka ngazi wakinishukuru, pamba mkononi, nami nikabaki nimekasirika bila mtu wa kumkasirikia.

Chuoni kila wakati kulikuwa na mtu wa kumuuliza. Pale nilijiuliza na kujijibu mwenyewe kwa sauti, hadi siku moja nikajikuta nabishana na friji ya dawa. Kwenye ploti ya vyumba vya kupanga nilikoishi mambo yalikuwa yale yale. Majirani waliondoka alfajiri kwenda Nairobi, wakarudi gizani na kujifungia, na nilimjua kila mmoja kwa mlio wa kufuli lake. Nilikuwa mpweke, na nasema hivyo bila kuzunguka. Kutwa nzima nilishika mikono ya watu, na yote niliishika nikiwa na glavu.

Kisha siku moja akaja bibi mmoja wa Kimaasai na mjukuu wake.

"Sopa, daktari."

"Ipa," nikajibu. Hilo ndilo neno pekee la Kimaa nililokuwa nalo.

"Huyu mtoto iko na homa. Tumetoka ndani huko, upande ya Kajiado, tumekuja kuona binti yangu."

Kasichana kakaja moja kwa moja hadi mbele yangu, kakainamisha kichwa, kakatulia. Nikadhani shida iko hapo. Nikavaa glavu, nikavuta taa, nikatafuta mapunye kwenye kichwa kilichonyolewa vizuri, nikabonyeza nyuma ya masikio. "Unaumwa hapa? Na hapa?" Hakakujibu wala hakakuinua kichwa. Nikakageuza, nikaanza upande wa pili. Bibi akacheka mpaka shanga zake zikalia.

"Anakusalimia wewe! Mtoto anasalimia mtu mkubwa na kichwa. Weka mkono tu. Na toa hiyo mpira kwanza."

Nikavua glavu kwa aibu, nikaweka kiganja juu ya kile kichwa. Kilikuwa na joto la kawaida la mtoto. Nilisikia machozi yakinijia, nikajifanya natafuta kipimajoto.

Nilimpima, na ilikuwa mafua tu. Kando yangu trei ya sindano ilikuwa tayari kama kila siku. Mtoto aliiona, akanyoosha mkono wake mezani bila kuambiwa. Nilikuwa nimetoboa mikono mingi pale, lakini huo ulinishinda.

"Shosho, huyu ako na homa ya kawaida, mafua tu. Mpe uji, akunywe maji mingi, apumzike. Akishindwa kupumua ama kukunywa, mlete haraka."

"Humuweki maji ya mshipa?"

"Hahitaji."

Kicheko kikatoweka usoni pake. "Tumetoka mbali yote hiyo, halafu uji?" Akamshika mjukuu mkono. Dirishani niliwaona wakivuka barabara na kuingia kliniki ya ng'ambo.

Jioni nikienda nyumbani nikakutana nao karibu na wauza mboga. Mtoto alikuwa na plasta nyuma ya mkono.

"Huko wamemuweka," bibi akaniambia, bila kinyongo, kama anayenipa habari njema. Kisha akaniangalia vizuri na kunihurumia. "Usijali. Wewe bado mtoto. Utajifunza."

Alisema kweli. Miezi yote nilidhani naogopa upweke, au maneno ya akina mama wa kanisa. Kumbe niliogopa hilo. Ningejifunza. Nilikuwa nimeshaanza: siku hizo mikono yangu ilikuwa inapasua pakiti ya sindano kabla mgonjwa hajakaa.

Kasichana kakasogea, kakainamisha kichwa tena, mkono wenye plasta ukining'inia kando. Safari hii sikuhitaji kufundishwa. Niliacha kiganja changu pale muda mrefu kuliko salamu inavyotaka, na bibi hakuniharakisha.

Mama alipopiga simu aliuliza kama kawaida kazi inaendeleaje.

"Nimeacha, mama," nikamwambia, ingawa mwenye kliniki alikuwa bado hajui.