Mama Aliyewapokea Waliochoka

Wasomaji wangu, yule mama tabibu wa akili wa Musoma ametutoka. Tumemzika Jumamosi, na jamani, sijawahi kuona msiba wenye madaktari, walimu na mahakimu wengi wanaolia hadharani namna ile. Zamani tulimcheka. Miaka ile ya dhiki, sabuni yenyewe kwa foleni, nani angeenda kukaa kitini aeleze utoto wake? Tulisema ile ni kazi ya kupiga soga.

Pale msibani rafiki yangu, daktari wa Bunda mzaliwa wa Butiama, alisimama akasimulia habari zake mwenyewe. Serikali iliporuhusu soko huria, maduka yalijaa bidhaa, lakini hospitali yake haikuwa na glavu wala uzi wa kushonea. Akawa anawafokea wagonjwa, hasikii huruma wala furaha, na alishaamua kuacha udaktari akauze samaki wa sangara kule ziwani Murangi. Alipomwendea, mama yule tabibu hakumpa vidonge wala mahubiri. Alimsikiliza kila juma kwa miezi mingi, wakirudi nyuma pole pole, hadi siku alipomuuliza, "Nyumbani wanakuitaga nani?"

"Mama ananiitaga baba."

Kwetu mtoto akirithi jina la babu marehemu, hata mama yake humwita baba na kumheshimu kama mzee huyo.

"Na baba huyo akichoka, anamwambiaga nani?"

Daktari akalia mpaka akaona aibu. Maisha yake yote aliamini kwamba mwenye jina lile hachoki, na wodini alikuwa hivyo hivyo. Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, twasema, na sisi tumewafanya wataalamu wetu wote kuwa Wanyamwezi, kisha tunashangaa wakianguka njiani.

Ilichukua muda kabla hajathubutu kwenda Butiama kwa mama yake. Alipofika alisema tu, "Mama, nimechoka." Bibi kizee yule akatandika mkeka. "Lala, mwanangu," akamwambia. Hakuwahi kumwita hivyo tangu azaliwe.

Daktari hakwenda Murangi. Uzi uliendelea kukosekana, lakini alirudi wodini kwa sababu aligundua anapenda kuponya, ilhali miaka yote ya nyuma alikuwa akitibu ili kulipa deni la jina la babu. Basi ukimwona mwalimu au daktari wako amezimika, tafadhali, usimwambie ajikaze. Ameshajikaza vya kutosha. Keti naye, umuulize ni nani aliyemkataza kuchoka.