Mjomba Elroy Alipokwenda Kujaribu Gauni

Mjomba wangu Elroy ni fundi bodi. Gari likigongwa popote hapa mtaani kwetu Bonteheuwel, likabonyea kama kopo la soda, linaletwa kwake nyuma ya nyumba ya Bibi, naye analigonga na kulipiga msasa mpaka mwenye gari anasahau liligongwa upande gani. Ana mabega ya kubebea injini na sauti ya kufukuzia mbwa wa mtaa wa pili. Na Jumapili jioni, akishasugua mafuta ya gari hadi yakatoka kwenye kucha, anavaa gauni, anakaa kibarazani na Bibi, wanakunywa chai ya rooibos na kuwasengenya wapita njia.

Nilizaliwa nikamkuta hivyo, kwa hiyo sikuona ajabu mpaka nilipoulizwa shuleni. Siku hiyo nilirudi nikamuuliza kama akivaa gauni nimwite anti. Alicheka hadi chai ikamwagika.

"Niite mjomba, we Merle. Nimebadilisha nguo, sijabadilisha ukoo."

Mimi nauliza sana, mama yangu husema nitakuja kuuliza jeneza kama linabana. Basi nikamuuliza tena mbona magauni yake yote yamepasuka kwapani. Akaniambia hajawahi kujaribu hata moja dukani. Huingia kama mwizi, huokota gauni kama mtu anayeokota mkate, humwambia keshia ni la mke wake. Hana mke. Keshia mmoja alimuuliza mke wake ana kiuno cha ngapi, jasho likamtoka, akataja saizi ya tairi. Akifika nyumbani gauni linakwama mabegani, na kulirudisha hawezi, maana ataulizwa mke amelionaje.

Mwaka huu Bibi alikuwa anatimiza miaka sabini. Kwetu mama akifikia umri huo, ukumbi wa kanisa unakodiwa, binti zake wanavaa gauni moja, rangi moja, wanapigwa picha kwenye ngazi kwa mpangilio wa kuzaliwa. Picha hiyo inatundikwa sebuleni, na mgeni akiingia huonyeshwa hiyo kabla hajapewa kiti.

"Kijani, mikono mirefu," alitangaza Mama Mkubwa Ursula, mzaliwa wa kwanza wa Bibi. "Nimeshayaona mjini, kwenye lile duka la ghorofa. Mimi na Bernadette." Bernadette ndiye mama yangu, kitinda mimba. "Elroy atavaa suti ya marehemu baba."

Mjomba alikuwa anakoroga chai. Sukari ilishayeyuka lakini aliendelea kukoroga.

"Mama," akasema, "na mimi je?"

"Elroy! Kanisani?" Mama Mkubwa aliruka. "Unataka watu waje kula keki au waje kutula sisi?"

Bibi hakuinua macho. Alikuwa anachambua maharage.

"Nimesema wanangu wavae gauni moja. Huyu kwani nilimwokota jalalani?"

Mama Mkubwa alifunga mdomo kwa nguvu, meno yakagongana. Mjomba aliinuka akatoka nje, tukamsikia akigonga bati la gari ambalo lilikwishanyooka tangu asubuhi.

Jioni ile Bibi alimwita, ameshika uzi mrefu mweupe wenye mafundo. Nilikuwa nimeuona ule uzi maisha yangu yote na sikuwahi kuuliza, ajabu kwa mtu kama mimi. Bibi hununua nguo zake kwa uzi huo. Anajipima nyumbani, anafunga fundo la kifua, fundo la kiuno, fundo la nyonga, halafu dukani anaulaza juu ya gauni. Chumba cha kujaribia hakanyagi.

"Tulizoea," alinieleza. "Wakati wa usichana wangu, enzi za ubaguzi, watu wa rangi yetu tulikuwa tunalipa, hatujaribu. Kofia ukitaka kuijaribu, wanakuwekea kwanza karatasi nyembamba kichwani, ati nywele zako zisiiguse. Ukishatoka, yule mama wa duka anaichukua ile karatasi kwa vidole viwili. Hivi." Akanionyesha, kama anayetoa panya kwenye mtego. "Simama, Elroy, nikupime."

Mjomba alimshika mikono. "Mama, hapana. Siku zile zimepita. Mara hii nataka niingie mle ndani, nifunge pazia, nijitazame kwenye kioo kama mteja. Nikikosea gauni hili, sitakuwa kwenye ile picha."

Jumamosi tulikwenda, mimi na yeye. Alikuwa amenyoa ndevu mara mbili, amevaa suruali iliyopigwa pasi hadi ina makali. Yalikuwa yamebaki magauni mawili tu ya saizi kubwa. Tukayabeba hadi kwenye vyumba vya wanawake. Mlangoni alikaa dada mmoja anatafuna bazoka, kope zake za kubandika ndefu kama mswaki. Kazi yake ni kuhesabu nguo na kukupa kibao cha plastiki chenye namba.

"Mbili," akasema, akaninyooshea mimi kibao. "Chumba cha tatu, mrembo."

"Si zangu," nikasema. "Ni za mjomba."

Bazoka lilisimama. Alimtazama Mjomba kuanzia viatu, akapanda taratibu, akashuka tena.

"Wanaume chini."

Tukashuka. Chini mlinzi alisimama mbele ya vyumba vya wanaume, mikono kifuani.

"Nguo za kike haziingii humu, bosi. Watu wanazivaa ndani ya suruali wanatoka nazo."

"Huko juu wamenileta kwako," Mjomba alisema kwa upole.

"Na mimi nakurudisha juu."

Nyuma yetu vijana wawili walikuwa wanachagua mikanda. Mmoja akasema kwa sauti, "Anti, nyuma kukikwama niite nikuvutie zipu!" Mwenzake akaunguruma kama nguruwe kwa kicheko. Mlinzi naye akacheka, yule aliyewekwa pale kulinda watu. Nilimwona fizi. Mjomba alitazama gauni mkononi mwake, akalinyoosha mkunjo ambao haukuwepo.

Tulipanda tena. Sasa meneja alikuwa ameitwa, mama mmoja wa makamo, ananukia maua mengi kwa wakati mmoja, anatabasamu kwa meno ya mbele peke yake.

"Mheshimiwa, tunakuelewa kabisa. Kabisa! Sisi hatubagui mtu. Ila kuna watoto humu."

Nikageuka kushoto na kulia. "Mtoto ni mimi," nikamwambia. "Na mimi ndiye niliyemleta."

Tabasamu halikusogea. Akasema tumfuate, akatupeleka mwisho wa ukumbi, kwenye chumba kilichotengewa watu wa viti vya magurudumu, ila siku hiyo kilikuwa stoo. Sanamu za kuvalisha nguo zilisimama bila mikono. Kulikuwa na ndoo ya maji ya kupigia deki, maji meusi, yananuka kama kitambaa kilicholala na ubichi wake wiki nzima. Sakafuni nywele za watu zimeviringana na vumbi, na plasta iliyotumika, upande wa damu juu. Pale ndipo walipoona panamfaa mteja wao. Nikaziba pua. Mjomba akaisogeza ile ndoo kwa kiatu, akaniambia nisubiri nje, akafunga mlango.

La kwanza lilimkataa. Nilimsikia akihema. La pili nikasikia kitambaa kikiteleza, halafu mlango ukafunguka.

Sijui niseme vipi. Mabega yale yaliingia. Zipu ilipanda hadi juu, shingo ikatulia, kijani kikamfanya uso uwe kama wa mtu aliyetoka kulala usingizi mzuri. Alijigeuza mbele ya kioo, polepole, akajishika kiunoni.

"Vipi, Merle?"

"Imefunga, Mjomba! Mpaka juu!"

"Mpaka juu," akarudia, kama hajaamini.

Hapo ndipo yule dada wa kope alipokuja, mkono mmoja una glavu, mwingine chupa ya dawa ya kuulia vijidudu. Alisimama kwenye kizingiti akaanza kupuliza. Alipuliza ukuta, kioo, kitasa cha mlango. Akalinyanyua lile gauni la kwanza kwa ncha ya hanga, mbali na mwili wake, akalipuliza mbele na nyuma. Mjomba bado alikuwa amesimama mle ndani. Ile dawa, harufu ya malimau ya uongo juu ya maji ya deki, ilimwangukia mgongoni, nikaona kijani kikigeuka cheusi kwa matone.

"Unafanya nini?" nikapiga kelele. "Yumo ndani!"

"Utaratibu tu."

"Mbona wale hukuwapulizia?" Nilikuwa nimewaona kwa macho yangu wanawake wanaotoka na kuingia, mmoja amepaka kola yote poda ya uso, gauni likarudishwa kwenye chuma cha kutundikia vilevile.

Akanitazama kama mjinga. "Wale ni wateja."

Mjomba alifunga mlango, akatoka na suruali yake, gauni amelikunja vizuri, ukubwa wa kitabu. Akaliweka mezani, akarudisha kibao cha namba, akasema asante. Asante! Nilitaka kumkanyaga mguu.

Nyumbani aliosha mikono kwa ile sabuni ya mchanga ya kutolea rangi ya gari. Akaosha tena. Kisha akaenda kutoa suti ya marehemu Babu kabatini, akaitundika kwenye upepo.

Bibi aliona mikono mitupu. Hakumuuliza yeye, alinivuta mimi jikoni. Nikamweleza yote, hadi ile plasta.

"Walipuliza dawa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwenyewe akiwa mle ndani?"

"Akiwa mle ndani. Ilimpata mgongoni."

Bibi, ambaye alinizaba kofi nilipokuwa mdogo kwa kutema mate uani, aligeuka akatema kwenye sinki. Akafungulia maji yakayapeleka. "Vidole viwili," akasema. "Bado ni vile vidole viwili." Halafu: "Kesho kutwa ukitoka shule, usivue sare. Tunakwenda mjini."

Jumatatu Bibi alivaa kofia yake ya kanisani. Lile gauni lililomkaa Mjomba lilikuwa bado lipo, hakuna aliyelitaka, kwa sababu dawa ilikuwa imeacha madoa mgongoni, mepesi kama ute wa konokono. Bibi aliyapapasa kwa kidole gumba. Akalibeba hadi kwa yule dada wa kope.

"Moja tu, bibi? Karibu, chumba chochote," dada akasema kwa sauti ya asali, akampa kibao.

Nikamwona Bibi anasita pale kwenye pazia. Miaka sabini, na hakuwahi kupita pazia lile. Akaingia. Nilichungulia chini nikaona viatu vyake vimesimama tu, havigeuki. Alipotoka kofia ilikuwa bado kichwani sawasawa. Hakuwa amevua hata sweta.

Akamrudishia dada kibao, akabaki amesimama.

"Kuna tatizo, bibi?"

"Nasubiri upulizie."

"Nini?"

"Mle nilimokaa. Na gauni. Na mimi pia, hapa mgongoni." Akageuka, akampa mgongo, mzee wa watu. "Jumamosi ulimpulizia mwanangu. Mimi ndiye nimemzaa. Kama ana uchafu, ameutoa humu tumboni. Pulizia, binti yangu, usiogope."

Bazoka lilisimama tena. "Bibi, mimi... mimi naambiwa tu."

"Yule wa karatasi za kofia naye alikuwa anaambiwa tu. Pulizia."

Wanawake wa kwenye vyumba vingine walikuwa wametoa vichwa nje ya mapazia, mmoja ana mkono mmoja ndani ya blauzi. Meneja alikuja mbio na maua yake yote. Akatazama, akaelewa, na lile tabasamu likatoka lenyewe kama droo iliyolegea.

"Mama yetu! Kumetokea kutoelewana kidogo. Hilo gauni lina kasoro, naona. Tutakupunguzia asilimia kumi."

Bibi alimtazama jinsi unavyotazama nzi kwenye maziwa, ukijiuliza umtoe nzi au umwage yote.

"Asilimia kumi ya nini?" akauliza.

Bibi akalipa bei kamili, na njia nzima hakuniruhusu nimsaidie kubeba mfuko.

Mama yangu aliyafua yale madoa kwa siki, kwa limau la kweli, kwa sabuni ya kipande. Hayakutoka. Mjomba alilitazama gauni likianikwa, hakusema atalivaa wala hatalivaa. Suti ya Babu nayo ilikuwa kwenye kamba ileile, vinapigwa na upepo pamoja, mkono wa kimoja unashika wa kingine.

Siku ya sherehe tulikuwa ukumbini tayari, sambusa zinazunguka, Bibi amekalishwa mbele kama malkia. Mpiga picha aliwapanga kwenye ngazi. Mama Mkubwa Ursula juu, mama yangu chini, katikati pengo.

"Sogeeni mzibe hapo," mpiga picha akasema.

"Hapana," Bibi akajibu kutoka kitini. "Asisogee mtu."

Mlango wa pembeni ukafunguka. Mjomba aliingia na kijani chake, zipu mpaka juu, amenyoa mara mbili. Kijiko cha mtu kilianguka. Mke wa mchungaji alijifanya anatafuta kitu mkobani. Mjomba alipita katikati ya meza na zile hatua zake za fundi, akapanda ngazi, akasimama kwenye pengo.

Mama Mkubwa alikuwa nyuma yake, kwa hiyo ndiye aliyeyaona madoa kwa karibu. Niliona pua yake inakunjamana. Nilidhani ni kwa ajili ya Mjomba, na nikaanza kumchukia hapohapo.

"Hii ndiyo waliyokupulizia?" akanong'ona, lakini minong'ono ya Mama Mkubwa inafika jikoni.

"Ndiyo, dada."

"Bado inanuka."

"Najua."

"Washenzi," akasema, kanisani, mbele ya mchungaji. Akashuka ngazi moja, akamkaribia hadi kifua chake kikagusa yale madoa, akaweka mikono yote miwili juu ya yale mabega. "Haya, piga. Mbona unatutumbulia macho? Piga picha!"

Picha iko sebuleni. Madoa hayaonekani. Lakini mimi ndiye niliyelifungua lile gauni jioni ile, zipu kutoka juu hadi chini, na mgongo wa Mjomba ulikuwa na mabaka mekundu kila mahali dawa ilipolowa ikakauka, umewasha siku nzima, na hakujikuna hata mara moja.

"Usimwambie Bibi," akasema.

Nikaenda moja kwa moja nikamwambia.