Nilimfundisha mbwa wangu kujificha, kisha nyumba ikashika moto

Wakuu, habari za mahangaiko.

Nimechoka na sina nguvu ya kupamba, kwa hiyo mtapata mambo yalivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha.

Mimi ni Mkongo wa Bukavu, nipo Kampala mwaka wa sita sasa. Nakaa Kyebando, nauza vitenge kwenye meza ndogo kule Kamwokya.

Naishi kwenye muzigo. Kwa wasiojua, ni chumba kimoja kwenye safu ya vyumba: paa moja, geti moja, bomba moja uani. Kuta hazifiki kwenye bati, kwa hiyo jirani akikaanga pilipili wewe ndiye unayepiga chafya.

Mwenye nyumba tunamwita Nnalongo, yaani mama wa mapacha. Siku naingia alinisomea masharti: hakuna kelele, hakuna kumwaga maji mlangoni, hakuna wanyama. Nikaitikia yote.

Miezi mitatu baadaye nikarudi na mbwa.

Msiniulize sana. Alikuwa mdogo, amelowa mvua, amejikunja chini ya meza yangu na hataki kuondoka. Nikamwita Kawa kwa sababu ya rangi yake, kwetu kahawa tunaita kawa. Ukikaa peke yako ugenini halafu ukapata kiumbe kinachofurahi ukifungua mlango, masharti unayasahau haraka.

Ndipo nikaanza training.

Nnalongo akija lazima agonge geti kwa kufuli, pa pa pa, kisha aanze kuita watu kwa sauti. Mimi nikaifanya hiyo ndiyo ishara. Nagonga bati, napiga kelele, namsukuma Kawa chini ya kitanda. Akinyamaza anapata mukene, wale dagaa wa hapa. Kelele zikizidi, yeye anajibanza ukutani zaidi.

Na hatoki. Hatoki mpaka anisikie nikisema taratibu, karibu na sakafu, "Alishaenda."

Wiki tatu tu akawa amehitimu. Nikajiona profesa.

Majirani walijua na walininyamazia. Hasa Afande Akello wa chumba cha pili kutoka kwangu, polisi, mama mmoja wa kaskazini. Yeye hata mifupa alikuwa ananiwekea.

Sasa ile Jumamosi.

Umeme ulikatika asubuhi. Jirani wa chumba cha mwisho akaacha pasi juu ya nguo, akasahau kuichomoa, akatoka zake. Mchana umeme ukarudi.

Mimi nilikuwa bombani nafua. Nnalongo naye alikuwepo, amekuja kuona bomba linavyovuja, kwa hiyo Kawa alikuwa chini ya kitanda tangu alipogonga geti.

Moshi ukaanza kutoka kule mwisho. Mtu akapiga kelele "Omuliro!", yaani moto. Mwingine akachukua jiwe akawa anagonga geti ili waliolala watoke. Watu wakatoka mbio, watoto, magodoro, redio.

Wakuu, mnaona nilichokifanya? Kila kitu kilichokuwa kinawaambia watu tokeni, mbwa wangu kilikuwa kinamwambia baki.

Moshi ukapita juu ya kuta kama nilivyowaambia, chumba baada ya chumba, mpaka kwangu. Afande Akello alikuwa anauliza kila mpangaji kwake kuna nani ndani. Akanifikia. Nnalongo amesimama pale pale.

Nikasema hakuna.

Hii ndiyo sehemu ambayo bado inaniamsha. Moshi unatoka mlangoni kwangu, na mimi nafikiria nikifukuzwa nitahamia wapi.

Afande akanitazama. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na Kawa?"

Nikashindwa kudanganya mara ya pili. Nikakimbilia mlangoni nikaanza kuita, Kawa toka, Kawa kuja. Kimya. Nilivyozidi kuita ndivyo alivyozidi kutii. Nikataka kuingia, Afande akanikamata mkanda wa suruali.

"Moshi haiko mchezo," akasema. "Wewe ukianguka ndani, nani natoa wewe? Ita yeye kutoka hapa."

Nikamwambia kwa kelele hatoki, mpaka nimsemeshe polepole. Hakuuliza kwa nini. Akawageukia watu, akawanyamazisha kwa ile sauti ya kambini. Ua mzima ukatulia, ndoo za maji zikiendelea kupita mkono kwa mkono.

Nikalala kifudifudi kwenye kizingiti, shavu kwenye simenti, koo linawaka. Nikasema kama ninavyosema kila siku, nikimwita papa, yaani baba, kama kwetu tunavyobembeleza watoto.

"Kawa. Alishaenda. Alishaenda, papa."

Nnalongo alikuwa hatua mbili nyuma yangu. Sijui kama niliwahi kuona aibu ya namna ile.

Nikarudia mara nne, mara tano. Kisha nikasikia kucha kwenye simenti. Akaja anatambaa, tumbo chini, macho yanatiririka machozi, akanilamba shavu, akakaa kusubiri mukene wake. Hapo nililia mbele za watu, sioni haya kusema.

Moto ulizimwa kwa ndoo na mchanga. Vyumba viwili viliungua, hakuna aliyekufa.

Jioni Nnalongo akanijia pale nilipokaa, Kawa miguuni kwangu. Nikajua basi, nimefukuzwa. Akamwangalia mbwa.

"Ssebo," yaani bwana, "hii imbwa mimi najua kitambo," akasema. "Nasikia yeye nakohoa chini ya kitanda. Nilikuwa nangoja wewe niambie."

Akaondoka. Nilitamani angenitukana tu.

Kwa hiyo wakuu, somo langu ni hili. Ukifuga, mfundishe mnyama kutoka kabla ya kumfundisha kitu kingine chochote. Afanye mazoezi na kelele zikiwepo, mlango ule ule kila siku, chakula akipate nje. Kamba yake itundike mlangoni. Majirani wajue una mnyama, na mwenye nyumba pia ajue, jamani. Na akibaki ndani, mwite ukiwa nje, usiingie kwenye moshi.

Kufundisha kulichukua wiki tatu. Kufuta, huu ni mwezi wa nane. Kila asubuhi kabla ya kazi nagonga sufuria, nasimama uani na mukene, nasubiri. Siku nyingine anakuja. Siku nyingine geti likilia tu anarudi chini ya kitanda na tunaanza upya. Nimechoka, sitawaficha.

Mwezi uliopita kitanda nikampa Afande Akello. Godoro nimeliweka chini.

Juzi Nnalongo akagonga geti. Kawa akazunguka chumba kizima anatafuta pa kuingia, hakupata. Akaja akasimama mlangoni, anatetemeka, ananiangalia.

Nikampa dagaa wote waliobaki.

Kama kuna aliyewahi kumwondolea mbwa au paka tabia aliyomfundisha mwenyewe, aniambie alifanyaje. Karibuni mchangie, hata mnaotaka kunisema. Nawasoma nikiwa sakafuni, mgongo unauma.