Hotuba ya Sabuni

Enzi zetu, wenzangu mliosoma katika shule za mashamba ya wazungu kule Rongai, hotuba haikuandaliwa. Kila Ijumaa baada ya uji, mwalimu alitikisa kofia yenye vikaratasi. Ulichomoa kimoja, ukasoma neno lililoandikwa, na papo hapo ukalizungumzia mpaka maji yaishe. Maji hayo yalidondoka kutoka kwenye kopo lililotobolewa kwa msumari na kuning'inizwa dirishani. Vijana wa leo, wenye saa hadi kwenye simu, hawaijui hofu ya kutazama kopo likijazwa.

Mazoezi yangu niliyafanya kwa ndama. Jioni, gauni likinuka moshi na maziwa, nilipanda juu ya ndoo iliyofudikizwa na kuwahutubia kuhusu treni, viazi na uaminifu. Walitafuna kwa makini. Kasoro ya ndama, ambayo sikuing'amua mapema, ni kwamba hawana vyeo.

Siku ya wazazi ya darasa la nne ikawadia. Baba, dereva wa trekta, alikuwa ameweka sharti: nikisimama mbele ya watu mpaka maji yaishe, ningeendelea na masomo, lakini nikikimbia, ningekwenda Molo kumlea mtoto wa shangazi. Shangazi mwenyewe alikuwa amekwisha kufika, mtoto mgongoni, tayari kunikabidhi.

Nikachomoa: "Sabuni." Nilifurahi kupita kiasi, kwani sabuni nilikuwa nimewaeleza ndama Jumanne.

Lakini kwetu hakuna azungumzaye kabla ya kuwasalimu waliohudhuria, tena kwa mpangilio. Nikamsalimu mwalimu, mzee wa kanisa, nyapara, karani, madereva wa trekta, na akina mama. Nilipofungua kinywa kuitaja sabuni, sauti ikatoka nyuma.

"Na sisi wakamuaji, mtoto wangu, tumekuja kuangalia ukuta?"

Nikaomba radhi, nikawataja wakamuaji mmoja mmoja, ili pasitokee malalamiko mengine. Hilo likawa kosa, maana sasa kila mtu alitaka jina lake. Wapalilia pareto wakadai zamu. Mlinzi wa ghala akakohoa mara tatu, na kila kikohozi kilieleweka.

"Mimi je?" akauliza mpishi wa mzungu. "Niko kundi gani?"

Swali hilo lilikuwa zito. Alilala kambini na sisi, lakini alishinda jikoni kwa mwajiri. Je, alitangulia nyapara, au alimfuata karani? Nilisimama nikipima hoja zote mbili huku kopo likidondoka.

"Mpishi hamtangulii nyapara," nyapara akasaidia.

"Chai yako ya Krismasi nani huipika?"

"Endelea, mwanangu," mwalimu akasema. "Maji yanaisha."

Nikamweka mpishi katika kundi lake peke yake, akaridhika. Nikamalizia kwa shangazi na mtoto wake. Nikavuta pumzi, nikasema, "Sabuni…" na tone la mwisho likadondoka.

Shangazi akaanza kulegeza kanga ya mgongoni. Mwalimu akainamisha kichwa. "Hajasema lolote kuhusu sabuni," akatamka kwa huzuni.

Baba akasimama, kofia mkononi.

"Mwalimu, sabuni tunaijua. Lakini hapa kuna watu wamepalilia shamba hili miaka mingi, na hawajawahi kusikia majina yao yakitajwa mbele ya watu. Mimi nilisema asimame mpaka maji yaishe. Yameisha, na bado amesimama. Dada yangu, funga kanga yako."

Wakamuaji wakapiga vigelegele. Mpishi akapiga makofi peke yake, kama kundi.

Siku hizi, katika masomo ya uzamili niliyoyaanza nikiwa na wajukuu, vijana husimama, husalimu wote kwa "Niaje" moja, na kuingia moja kwa moja kwenye hoja. Humaliza mapema, na kamwe hawasahau mada. Mimi, zamu yangu ikifika, bado huanza na salamu, nikiwaza nimemruka nani. Kisha huwatazama wasikilizaji, wote wameinamia simu zao, na nahisi kwamba hata ningewataja kwa majina mmoja baada ya mwingine, hakuna ambaye angeinua kichwa.