Simu Moja, Wakulima Wawili

Juzi, kwenye ofisi moja ya mbegu za pamba hapa Bariadi, mfumo wa kusajili wakulima wanaopewa mbegu ulimkataa mama mmoja. Mtaalamu wa kompyuta wa ofisi akafungua programu yake ya bure, inayojifanya mkulima na kuujaribu mfumo yenyewe. Skrini ikajaa kijani: majaribio yote yamepita.

“Mfumo ni mzima, mama. Ila namba hii ya simu ina mtu tayari.”

“Ni mume wangu. Simu nyumbani ni moja, lakini shamba langu ni langu.”

Mtaalamu akakuna kichwa. Wakulima wake wa majaribio walikuwa matajiri, kila mmoja na simu yake. Akaongeza jaribio: watu wawili, namba moja. Likatoka jekundu, naye akatabasamu.

“Kwa hiyo nimesajiliwa?”

“Bado, mama. Ila kosa limeonekana.”

Mama akatazama mawingu dirishani.

“Na mvua nayo imeonekana.”